Unga Mgongoni

Fransiska hakuwa mtu wa kuamini maneno ya jirani. Alipenda kujionea mwenyewe, halafu akasirike kwa raha zake. Ndiyo maana Efrazia alipomwambia kisimani, huku akijifanya anasuuza ndoo, "Mama Bura, mumeo siku hizi amekuwa mpenzi wa unga," alicheka tu, akajitwisha maji yake akaondoka.

Lakini jioni Pascal aliporudi nyumbani, Fransiska alimzunguka kwa nyuma kama anayetafuta kijiko. Koti lilikuwa na unga. Na haukuwa kwenye mkono wala kwenye kola, mahali ambapo mtu anaweza kujipaka kwa kupita tu. Ulikuwa mgongo mzima, toka mabegani hadi kiunoni. Mtu hapati unga wa namna hiyo akiwa amesimama.

Pascal Sulle alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kwenye tambarare za Hanang. Kila mwaka mavuno yakiisha alirudi kijijini Nambis na lori, ngozi imeungua, akipiga kelele kana kwamba nyumba nzima ni viziwi. Alikuwa analala siku mbili mfululizo, akiamka anakula kama jeshi, kisha anashika jembe. Mwaka huu alishuka kwenye lori kimya. Usiku aligeukageuka kitandani, akatoka nje, akakaa na ng'ombe zizini mpaka kunapambazuka. Akiulizwa alijibu, "Mwili umechoka tu." Habari ya Joakimu, utingo wake aliyefia shambani wakati wa mavuno, aliieleza kwa sentensi moja, akaomba chumvi. Fransiska ndiye aliyelia, maana kijana yule alishakula ugali wake mara nyingi na kumtania kwamba anapika kwa ubahili.

Mchana Pascal alichukua koti, akaenda "kunyoosha miguu." Bila jembe, bila panga. Na miguu hiyo ilikuwa na njia moja tu, ya kwenda kwa Verediana, mjane mwenye mashine ya kusaga.

Fransiska alianza kupeleleza. Miaka ile dizeli ilikuwa ya kubahatisha, mashine ikinguruma leo, kesho imelala. Akagundua jambo lililomchoma moyo: siku ambazo mashine ililala, Pascal alibaki nyumbani, akafokea watoto, akawa kama mtu aliyenyimwa haki yake. Ikinguruma tu, huyoo! Ushahidi gani tena alihitaji? Akafunga nguo zake furushi, akalificha nyuma ya ghala. Angewafumania kwanza, angesema yote yaliyomjaa kifuani, kisha angekwenda kwa mama yake Dongobesh na asirudi.

Siku dizeli ilipopatikana alimwacha Pascal atangulie. Yeye akajitwika debe la mahindi ili watu wasiulize maswali, akamfuata.

Wanawake wawili walikuwa kwenye foleni. Verediana alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, lakini Fransiska alipita mlangoni bila shikamoo. Wale wanawake wakatazamana. Akalitua debe, akaenda moja kwa moja nyuma ya ukuta wa mbao, mahali pa kuwekea magunia, mdomo ukiwa tayari umefunguka kwa matusi.

Pascal alikuwa amelala peke yake. Alikuwa amelalia magunia ya unga, mgongo umeegemea ukuta unaotetemeka kwa nguvu ya injini, kinywa wazi, mikono imelegea. Kelele ilikuwa ya kupasua masikio, naye alilala kama mtoto aliyeshiba. Fransiska hakuwa amemwona akilala hivyo tangu arudi.

Verediana akamfuata, akamsemea sikioni. "Siku ya kwanza nilifikiri amelewa. Nikizima anashtuka, analia. Ameniomba nisimwambie mtu."

Fransiska hakulainika upesi. "Na wewe unapata nini?"

"Napata maneno ya Efrazia," alijibu Verediana, akarudi kwenye kazi yake.

Wale wanawake wawili wakasaga, wakaondoka. Verediana akanyoosha mkono kuzima injini. Fransiska akamzuia, akamwaga mahindi yake kwenye mashine. Furushi la nyuma ya ghala lilimjia akilini, akaona haya. Mahindi yalipokwisha akaurudisha unga juu.

"Saga tena."

"Utakuwa vumbi!"

"Saga."

Kisha akaenda kukaa juu ya gunia, karibu na mumewe, akamtazama mpaka alipofumbua macho mwenyewe. Pascal alipomwona alishika mkono wake kwa hofu, akapaza sauti sikioni mwake. "Usimwambie azime!"

"Kuna nini, Baba Bura?"

Pascal akasema yote, kwa kupiga kelele, kwa sababu injini haikumruhusu kunong'ona. "Joakimu alilala nyuma ya gurudumu. Kule hakuna kivuli kingine. Wiki nzima tulikuwa hatujalala vizuri. Mimi nikarudisha kombaini nyuma. Wenzangu wanasema alipiga kelele. Sikumsikia, Mama Bura! Mashine ilikuwa inanguruma. Sasa kukiwa kimya tu, namsikia."

Siku zote hizo Fransiska alikuwa anatafuta mwanamke.

"Ulimlilia lini?" aliuliza.

Pascal akamtazama kama hakuelewa swali. "Ngano ilikuwa bado shambani. Walisema mvua inakuja. Kesho yake nikapanda kombaini ileile."

"Hata kuzika hukwenda?"

Akatikisa kichwa.

Fransiska akashuka kwenye gunia, akaketi sakafuni kwenye unga, akanyoosha miguu kama mwanamke aliyefika msibani. Akamvuta mumewe akae chini, kando yake. Kisha akapaza sauti.

"Shikamoo, dada!"

Verediana akachungulia, uso umejaa mshangao. "Marahaba."

"Zima mashine. Halafu njoo ukae na sisi. Tuna msiba."

Injini ikakohoa, mkanda ukazunguka polepole, ukasimama. Verediana akaja, akafunga kanga yake vizuri, akaketi ng'ambo ya pili ya Pascal. Kimya kikaingia mpaka kwenye magunia. Pascal akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Fransiska akautoa mkono mmoja, kisha wa pili, akaishika yote.

"Namsikia," Pascal alisema.

"Najua," alisema Fransiska. "Niambie anasema nini."