Sproketi Aliyoitundika Paje

Siku aliyoniacha, mume wangu alinirudisha kwa mama, na pikipiki yangu akaipakia nyuma ya gari. Ilikuwa ya marehemu baba, ya Kijerumani, kongwe kuliko mimi, na ndiyo iliyokuwa miguu yangu: nilikuwa nikipakia mwani kutoka kwa wanawake wa Bwejuu nikiuleta mjini kutengenezea sabuni. Ilipoteremshwa mlangoni niliitupia jicho mara moja tu. Cheni haipo. Na sproketi ya nyuma, lile duara la chuma lenye meno linalovutwa na cheni, imefunguliwa, nati zikarudishwa mahali pake vizuri kabisa, kama mtu aliyefanya kazi ya heshima.

"Ukitaka kutembea, njoo uombe," akasema, akaondoka.

Alikuwa akikodisha pikipiki kwa wageni kule Paje, kwa hiyo alijua alichokifanya. Sproketi ya pikipiki ile huipati Unguja nzima. Haikupita siku nyingi jirani yetu mmoja aliyetoka huko akanambia kaitundika ukutani dukani kwake, na kila anayeuliza hujibiwa, "Ya mke wangu hiyo. Atakuja kuichukua." Wallahi nilitamani niende nikamtafune mzimamzima.

Mke wangu! Na kinachochoma ni kuwa haki ya kusema hivyo alikuwa nayo. Alinipa talaka moja, na katika talaka moja mume ana ruhusa ya kumrejea mke muda wote wa eda, kwa neno lake tu, mke atake asitake. Angesema "nimekurejea", basi, nafungasha nguo narudi. Hakusema kwa sababu alitaka kwanza nimpigie magoti. Mtu yule hata chakula alitaka kimwombe radhi ndipo akile.

"Nyamaza, mwanangu," mama akanambia. "Mwache angoje."

Nikanyamaza, lakini si kwa subira. Nilinyamaza kwa ubaya.

Tukaenda mimi na mama kwa fundi wa pikipiki nyuma ya Darajani. Akaniuliza kama sproketi ndogo ya mbele, ile ya kwenye injini, ipo. Ipo, nikamwambia, hiyo hakuigusa. Akaitaka aione, na alipoiona akasema hapo pana ahueni, maana meno yake yanalingana na cheni ya bodaboda. Ila nisinunue cheni nyembamba ya rahisi. Hiyo hurefuka upesi, ikaanza kuruka meno. Nitafute nene, ya mzigo. Sproketi ya nyuma nayo tutaazima ya bodaboda, tupeleke kwa mchonga vyuma atanue tundu la kati na kutoboa matundu mapya ya bolti.

Akaweka mbili mbele yangu: ndogo ya meno thelathini na nane, kubwa ya arubaini na tano.

"Chagua, bibie. Ndogo ina mbio, lakini ukipakia mzigo injini italia. Kubwa ina nguvu, inaondoka na gunia zako taratibu bila ya kuhangaika, lakini njia ya Paje kila mtu atakupita."

Nikashika ile ndogo. Nilishajiona nnavyompita mlangoni kwake, namwachia vumbi kooni. Halafu nikajiuliza, nikipita kwa kasi hiyo ataona nini? Mgongo tu, na moshi. Hata uso wangu hatauona, na mimi wake sitauona. Nikairudisha.

"Nipe kubwa. Nataka nipite polepole."

"Makubwa!" fundi akasema.

"Madogo yana nafuu," mama akamjibu, akatoa pochi.

Nilikaa eda na tupa mkononi. Matundu ya bolti yalitoka yamebana, nikawa nayatanua kidogo kidogo ukumbini kwa mama, na kila nilipopiga tupa nilikuwa nampiga yeye. Nikazinyoosha sproketi mbili zikae mstari mmoja, maana zikipishana cheni hula meno. Nikaiacha cheni ilegee kiasi, isikazike wakati mzigo unapokaa. Ilipokamilika nikaifunika shuka, nikamwita yule jirani.

"Mwambie nimeshindwa," nikasema. "Mwambie sproketi haipatikani na machozi hayanikauki."

Ujumbe ukafika, na jibu likarudi: nisiwe na haraka, miezi mitatu haijesha, atakuja mwishoni kunichukua nikishatia akili.

Miezi mitatu! Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia. Bwana mzima, kakaa na mke miaka, hajui kuwa eda ya mwanamke anayeona siku zake haihesabiwi kwa kalenda. Huhesabiwa kwa twahara zake tatu, zile siku za usafi baina ya hedhi, na anayejua zimetimia ni yeye, na neno lake ndilo linaloaminiwa. Hata watoto wa kike kwenye chuo cha Kurani wanasomeshwa hayo. Yeye anahesabu kwenye simu! Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Zikatimia. Nikamwambia mama, mama akasema alhamdulillahi. Asubuhi nikakaza buibui langu, nikaenda Bwejuu, nikapakia mwani, na wakati wa kurudi nikapita Paje, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekwenda harusini.

Alikuwa kibarazani na ami yake, mwenye jengo lile. Aliponiona akasimama, akageukia ukuta, akaitungua sproketi akanifuata nayo njiani, anacheka.

"Haya, umeshinda. Chukua chako. Ami, shuhudia: nimekurejea."

Nikazima injini.

"Umechelewa. Eda imekwisha."

"Imekwishaje? Bado wiki mbili!"

"Wiki za nani? Siku zangu ulikuwa ukiziona wewe?"

Ami yake akaniuliza kwa upole, "Zimetimia, mwanangu?"

"Zimetimia, ami."

"Basi kwisha," akamwambia yeye. "Hapo huna mke. Ukimtaka, ni posa na mahari na ndoa mpya, na yeye aridhie."

Niliutazama uso wake mpaka niliporidhika. Ulikuwa umepauka, na mdomo wazi. Sproketi ya baba nikaichukua mkononi mwake, nikawasha, nikaondoka taratibu vile vile.

Akaja kuposa, na ami yake, na wazee wawili. Mama akawakaribisha kahawa na halua. Nilipoulizwa nikajibu kwa adabu zote kuwa jambo la ndoa si la pupa, wanipe muda nifikiri.

Mwaka wa pili huu. Watu wanasema hajaoa, hajaposa kwengine, na kila nikipita Paje anasimama kibarazani. Jibu ninalo tangu siku ile, la, na halitabadilika. Sina haraka ya kumpa.