Udongo Ulioanikwa Juani

Hapa Kamina hakuna kitu ambacho Mama Léonie Ngoie hajakianika juani. Mihogo, mahindi, samaki, magodoro, hata viatu vya kazi vya mumewe Zacharie, aliyestaafu reli. Kama kungekuwa na cheo cha kuanika, angekipata yeye. Ndiyo maana kosa lake halinishangazi hata kidogo.

Mwaka huo mjukuu wake Lise, wa miaka miwili, alikonda hadi mbavu zikahesabika. Muuguzi akasema mtoto apewe uji wa soya kila siku. Léonie, ambaye hajawahi kuomba chakula kwa mtu, akasema soya ataipanda mwenyewe, kule nyuma ya reli alikolima karanga miaka yote. Ikaota, ikawa ya manjano, ikadumaa.

Chrispin, agronomu wa mtaa, yaani mtaalamu wa kilimo, aling'oa mche mmoja, akakuta mizizi mitupu. Alieleza kwamba kuna vijidudu udongoni, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia mizizini na kujijengea vinundu. Humo huvuta naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea huvilisha sukari. Karanga hupokea karibu mgeni yeyote, lakini soya huchagua, na vijidudu vyake havikuwamo katika shamba lile. Ilibidi Léonie achote udongo kidogo kwenye shamba lililokwisha kuzaa soya vizuri, auchanganye na mbegu, apande.

Shamba la namna hiyo lilikuwa moja tu, la Fadhila, mama mfanyabiashara aliyepakana na Léonie. Na hao wawili walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili sasa, tangu mbuzi wa Léonie walipokula miche ya Fadhila, na Léonie, badala ya kusema pole, akasema majani ni majani tu.

Kuomba? Afadhali afe. Alfajiri moja alivuka mpaka, akajaza beseni, akarudi mbio na miaka yake sitini na mitatu. Nyumbani akauchekecha ule udongo, akauanika kwenye turubai siku mbili hadi ukawa vumbi, ndipo akapanda. Baada ya wiki tano mizizi ilikuwa mitupu vilevile. Chrispin aliposikia habari za turubai alishika kichwa: jua lilikuwa limeviua vijidudu vyote.

Mbegu ilibaki bakuli moja, mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na Lise alikuwa bado mwepesi kama kifaranga. Léonie alilia jikoni, kwa hasira kuliko huzuni. Kisha akajifunga kitenge kizuri, akaenda kwa Fadhila.

“Minyi njo nilikamata udongo yako,” alikiri wizi wake mlangoni, kabla hajakaribishwa.

“Nilikuona,” Fadhila akajibu. “Nikasema, acha atwale, abebe tu. Lakini weye uliianika sawa vile mihogo. Ile udongo iko na buzima ndani, mama. Kwa nini haukuniuliza?”

Fadhila alichukua jembe. Mchana ule ule, kukiwa na mawingu, alichimba udongo kwenye mashina ya soya yake, akaufunga katika majani ya ndizi usikauke. Wakapanda pamoja lile bakuli la mwisho, mmoja akichimba mashimo, mwingine akitia mbegu. Jioni Fadhila akamletea Lise unga wa soya wa kumfikisha mavuno, na hakungoja kushukuriwa.

Wiki tano zikapita. Léonie alichimbua mche mmoja polepole na kukuta mizizi imejaa vinundu. Akapasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu kama damu, jinsi Chrispin alivyosema huwa kikiwa hai. Alicheka peke yake shambani kwa furaha.

Akaupeleka mche ule kwa Fadhila, Lise mgongoni, naye sasa alikuwa mzigo wa kutosha. Fadhila aliitazama mizizi, akamfinya mtoto shavu.

“Na mbuzi?” akauliza.

“Nilisha kuifunga,” Léonie akasema. Kisha akainamisha kichwa. “Pole, mama. Pole ya ile siku.”