Mkwe Chini ya Kikapu

Enzi zetu mpira wa kikapu ulichezwa kwa adabu, na anayecheka aseme kwanza kama amewahi kumnyang'anya mpira mtu wa umri wa baba yake huku akimwomba radhi. Sisi tuliokulia Busia na Tororo, bendera ya Mwingereza ikipepea juu ya boma, tulifanya hivyo kila Jumamosi. "Samahani, mzee," unasema, ndipo unauchukua mpira mikononi mwake. Wazee nao waliijua faida ya neno hilo. Ukishaomba samahani, mzee alikugeukia kwa upole mwingi akakuuliza, "Na baba yako hajambo?" Ungali ukimjibu kwamba hajambo, yeye amekwisha kukupita na kuutupa mpira kikapuni.

Ni nani aliyeuleta mchezo huo kwetu, sijui, na sitajifanya ninajua. Wapo wanaoapa kwamba ni padri mmoja wa misheni; wapo wanaomtaja karani wa reli wa Kigoa. Kila ninapowauliza kama walimwona kwa macho yao, hunijibu kwamba waliambiwa. Mimi nilipopata akili niliukuta mchezo umekwisha kufika, na nitaeleza niliyoyakuta.

Uwanja wetu wa Busia ulikuwa sakafu ya saruji mbele ya ghala la pamba. Msimu wa pamba ulipoanza ligi ilisimama, maana hakuna mkulima ambaye angekubali magunia yake yasubiri watu wazima wamalize kurukaruka. Pamba ilipokwisha kuchukuliwa tulifagia, lakini nyuzi nyeupe ziliendelea kuelea hewani, ukacheza mchezo mzima ukipiga chafya. Pete za vikapu zilikatwa kwenye mapipa ya mafuta. Nyavu tulishonewa na mvuvi mmoja wa Majanji, fundi hodari, ila alikataa katakata kuziacha wazi upande wa chini. "Wavu ya kuachia samaki ni wavu gani?" alituuliza. Kwa hiyo kila mpira ulioingia ulibaki humo ukining'inia kama samaki aina ya ngege mtegoni, mchezo ukasimama mpaka mtu aje na ufito wa kuusukuma utoke. Tuliitumia nafasi hiyo kunywa maji na kutaniana. Vijana wa leo wana saa ya umeme inayowahesabia mapumziko; sisi tulikuwa na mvuvi wa Majanji.

Pembeni Mama Zuhura, mke wa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Waislamu, aliuza mandazi na chai ya tangawizi kali iliyokutoa machozi. Harufu ya tangawizi ikichanganyika na vumbi la pamba bado naijua. Mama yangu hakuupenda mchezo ule. "Mpira haupaliliki," alikuwa akisema, akimaanisha kwamba shamba letu la Sikuda linapalilika na jembe liko nyuma ya mlango. Nilipalilia alfajiri, nikaenda shule, na Jumamosi nikacheza. Leo mtoto akipewa kazi moja husema amechoka tangu jana yake.

Ligi yetu ilikuwa na timu nne: Busia, Tororo, Mukuju, na wenzetu wa ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Kenya, ambao walivuka bila kuulizwa jambo lolote isipokuwa matokeo ya Jumamosi iliyopita. Wazee walikuwa wameiruhusu kwa sharti moja: kila timu iwe na watu wazima wawili uwanjani muda wote, wenye watoto, ili vijana wasifanye mchezo kuwa uhuni. Sharti hilo lilikuwa la busara. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja lingemkutanisha mtu na mkwewe chini ya kikapu.

Mtu huyo alikuwa Wandera, fundi wa baiskeli, Msamia, mchezaji bora kuliko wote niliowahi kucheza nao. Wandera alimpenda Asio, binti wa Mzee Ekisa wa Merikit, na Asio alimpenda yeye. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote aliyeona ni mara ngapi baiskeli ya binti yule iliharibika. Tatizo lilikuwa Mzee Ekisa. Alikuwa nyapara katika kiwanda cha saruji, Mteso mrefu aliyeinama kila mlango alioupita, na ndiye aliyekuwa mmoja wa wale watu wazima wawili wa timu ya Tororo. Kila baba mdogo wake Wandera alipokwenda Merikit kuposa, alikaribishwa vizuri, akaandaliwa njugu, akazungumziwa habari za mvua. Akitaja jina la kijana wake, Mzee Ekisa alijibu jambo lile lile: "Mimi namjua huyo wapi? Mimi sina mukwe Busia."

Hakukataa, hakukubali. Wakati huo huo karani mmoja wa Mbale alikuwa ameanza kupita pale nyumbani. Hili si la kusikia. Nilimwona karani mwenyewe akishuka kwenye lori, na viatu vyake vya rangi mbili. Ilijulikana kwamba watu wake wangekuja rasmi baada ya mavuno. Asio alimwendea Wandera pale kwenye kibanda chake, nami nikiwa nimesimama na gurudumu langu mkononi, akamwambia, "Baba si mutu ya kuvutwa. Lakini akikubali neno mbele ya watu, halirudishi. Wewe tafuta hilo neno." Akaichukua baiskeli yake, ambayo haikuwa na ubovu wowote, akaondoka.

Mchezo wa mwisho wa msimu ulikuwa kati yetu na Tororo. Kombe lilikuwa birika la shaba lililotolewa na mwenye duka mmoja wa Kihindi, na Busia hatukuwa tumewahi kulishika. Kepteni wetu, Mwalimu Ouma, alituita kando. Msomaji ambaye si wa kwetu ni lazima aelewe kilichokuwa kikimsumbua. Kwa Wasamia na kwa Wateso pia, baba mkwe hakaribiwi. Humgusi bega, hupiti mbele ya uso wake, na akija njiani ndiwe unayeiacha njia. Sasa utamzuiaje mtu wa namna hiyo katika mchezo ambao watu hupumuliana usoni?

"Wewe utakaa mbali na yeye," Mwalimu alimwambia Wandera. "Mzee nitamshika mimi. Mimi sioi kwake."

Mpango ulikuwa mzuri, ila Mzee Ekisa hakuufuata. Tangu kipenga cha kwanza alimwacha Mwalimu Ouma akikumbatia hewa, akaanza kumfuata Wandera popote alipokwenda, kama kuku anayemfuata mpanda karanga. Wandera akienda kulia, mzee yuko kulia. Akirudi nyuma, mzee anasogea. Na kila mzee aliposogea, kijana wetu, ambaye alilelewa vizuri, alijikuta akirudi kinyumenyume, kichwa kimeinama, mpaka akatoka nje ya mstari na kuingia katikati ya masinia ya Mama Zuhura.

Watu wa Tororo walifurahi kupita kiasi. "Wandera, kwenda mpaka Kenya," mmoja alimshauri, "huko hakuna mukwe." Mwingine akamwambia Mama Zuhura ampe chai kwa kuwa sasa ni mteja. Mama Zuhura akasema chai anayo, lakini mteja huyu amekanyaga mandazi.

Mwalimu Ouma hakucheka. "Huyo amekukana," alimfokea Wandera kila alipopita karibu. "Yeye mwenyewe nasema hana mukwe Busia. Basi pita yeye. Heshima ya nini?"

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na niliona ikimwingia Wandera. Alianza kucheza. Hakumgusa mzee, lakini aliacha kurudi nyuma. Alipitia pembeni, akafunga, akafunga tena, na ufito ukafanya kazi bila kupumzika. Tukawakaribia mpaka wakabaki wanatuzidi kwa kikapu kimoja tu. Mzee Ekisa alikuwa akihema sasa. Refa, Bwana Abdalla mwenye malori, mtu ambaye hata mahasimu wake hawakuwahi kumtuhumu kwa upendeleo, aliitazama saa yake ya mnyororo na kutangaza kwamba muda umebaki kidogo.

Nilimpa Wandera mpira mimi mwenyewe. Mbele yake hapakuwa na mtu isipokuwa Mzee Ekisa, amesimama chini kabisa ya kikapu, mikono imetanda. Njia ya pembeni haikuwepo tena. Ilibaki moja: kumpita kifua kwa kifua, kwa bega, kama tunavyompita mtu mwingine yeyote. Akipita, Busia tunapata sare na labda birika. Akipita, pia amemgusa mzee mbele ya watu wa pande zote mbili za mpaka, na posa yake imekwisha hapo hapo.

Wandera akadunda mpira mara moja, akasogea. Ndipo Mzee Ekisa akapaza sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Kijana, wewe nakuja wapi? Wewe nataka kugusa mukwe yako?"

Wandera akasimama. Akauliza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu na niliyasikia maneno yote. "Samahani, mzee. Umesema wewe ni nani kwangu?"

"Mimi ni mukwe yako. Heshimu mimi."

"Bwana Abdalla," Wandera akasema bila kugeuka, "umesikia?"

"Nimesikia," Bwana Abdalla akajibu.

Basi Wandera akauinamia mpira, akauweka kwa mikono miwili miguuni pa mzee kama mtu anayeweka zawadi, akarudi kinyumenyume mpaka nje ya mstari. Mzee Ekisa akauokota, akautupa upande wa pili, na kipenga kikalia. Birika likaenda Tororo.

Sitaandika maneno tuliyomwambia Wandera jioni ile. Mwalimu Ouma, mtu wa kanisa, alitumia lugha tatu. Wandera alikaa kwenye ukingo wa sakafu akiifuta miguu yake vumbi la pamba, akasema tu, "Kesho mtanisindikiza Merikit."

Tulikwenda baada ya ibada: baba mdogo wake, Bwana Abdalla, na mimi, kwa kuwa niliombwa kuwa shahidi wa pili. Njugu zililetwa. Habari za mvua zilizungumzwa. Kisha baba mdogo akasema kwamba hakuja kuuliza kama mzee ana mkwe Busia, kwa sababu jambo hilo limekwisha kujibiwa. Amekuja kuuliza ni lini wazee wake waje.

"Nani amejibu?" Mzee Ekisa akauliza.

Bwana Abdalla akasafisha koo. "Wewe, ndugu yangu. Ulitaka heshima ya mkwe, ukapewa, ukaichukua, ukalindia kikapu. Mimi nilikuwa na kipenga mdomoni na masikio yangu yalikuwa wazi."

Nami nikaulizwa, nikasema niliyoyasikia, neno kwa neno. Kutoka jikoni kulisikika sufuria likianguka, kisha kicheko kilichozibwa kwa mkono.

Mzee Ekisa akaokota njugu nyingine. "Mungecheza uwanjani namna hii," akasema, "munaweza kushinda." Halafu akauliza kama wazee wa Busia wangependelea kuja kabla ya palizi au baada yake.

Leo utawasikia watu, hasa misibani, wakidai kwamba mzee alikusudia tangu mwanzo, kwamba karani wa Mbale alikuwa amemchosha na alitafuta njia ya kukubali bila kuonekana amekubali. Inawezekana. Lakini mimi sikuingia kichwani mwake, na wanaosema hivyo wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Ninachojua ni kwamba Asio na Wandera walioana, na kwamba tangu hapo Wandera hakucheza tena dhidi ya Tororo. Sasa mzee alikuwa mkwe wa kweli. Kila Tororo walipokuja, Wandera alikaa nyuma ya ghala akiupa uwanja mgongo, akisikiliza kelele, na kwenye mapumziko ya ufito tulimkimbilia kumweleza. Hatukupata birika mpaka mzee alipostaafu. Sikumsikia Wandera hata siku moja akilalamika.

Siku hizi uwanja upo mwingine, umepakwa rangi, na nyavu zake hazina kitako. Mpira hupita kana kwamba haukuingia popote. Vijana hucheza na yeyote, hawaulizani majina, seuze koo. Mwezi uliopita tulikuwa pale, Wandera na mimi, wazee wawili wenye magoti ya kuazima. Mume wa binti yake mdogo, kijana mwema aliyesoma Kampala, akamwita kwa mzaha ajaribu mpira mmoja. Akamshika mkwewe begani, akamwita "mzee wangu", akaanza kumdundia mpira mbele ya magoti. Wandera akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka nje ya mstari. Kijana akafunga, akashangilia kwa mikono yote miwili, na wenzake wakampiga picha.

Tulipokuwa tukirudi polepole nilimwuliza Wandera kama amekasirika kushikwa vile.

"Hapana," akasema. "Kunigusa si neno. Ila mtoto yule amekwenda nyumbani akiamini kwamba amenipita."