Jumatano Ambayo Soko Zima Lilikwenda Harusini

Saa kumi na moja alfajiri, taa za barabarani bado hazijaamua zizimike au zibaki, Stamatia Kourelli anaupiga teke mguu wa turubai uliokwama. Mguu unanyooka. Turubai linapanda, kreti la kwanza la machungwa linashuka kutoka kwenye gari, na soko la Jumatano la Palioskala linaanza kupiga kelele kabla wanunuzi hawajapiga miayo.

"Bibi harusi!" muuza samaki, Zisis, anamwita kutoka upande wa pili wa barabara. "Siku hizi unachelewa. Ndoa imekulegeza?"

"Imeninenepesha," anajibu bila kugeuka. "Wewe ndiye uliyelegea, na hata mchumba huna."

Stamatia ana miaka arobaini na minane, mabega ya mbeba mizigo na sauti inayofika bandarini bila kupanda chombo. Machungwa yanatoka kwenye shamba dogo aliloachiwa na baba yake. Siku nzuri, akishatoa mafuta ya gari na ada ya meza, hubaki na yuro sitini. "Siku ya mvua," anasema, "nabaki na mafua."

Leo hata mvua ingemkuta anacheka. Wiki mbili zilizopita alifunga ndoa na Loukia, mwanamke anayeishi naye kwa miaka kumi na tisa. Huyu Loukia ndiye ambaye soko zima, kwa miaka yote hiyo, lilimwita "binamu".

Alikuwa binamu wa ajabu. Alileta chakula cha mchana kila Jumatano akitoka zamu yake ya kupika shuleni, akagombana na Stamatia juu ya soksi mbele ya wateja, na hakuonekana katika mazishi hata moja ya ukoo.

"Tulijua," anasema Zisis huku akimwaga barafu juu ya dagaa. "Lakini mtu akikwambia huyu ni binamu yangu, utamdai ushahidi? Unamsalimia binamu, unaendelea na samaki wako."

Utani huo ulikuwa mtamu mpaka binti yao alipougua.

Myrto ana miaka tisa. Aliyemzaa ni Loukia. Aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kumenya chungwa bila kukata ganda, na kutukana kwa adabu, ni Stamatia. Miaka mitatu iliyopita kidole tumbo cha mtoto kiliwaka moto ghafla, wakati Loukia yuko Thesaloniki kumzika shangazi yake. Stamatia alimbeba mpaka hospitali.

"Nesi hakuwa mtu mbaya," anakumbuka. "Aliniuliza tu, wewe ni nani wake? Mdomo ulishazoea. Ukasema, binamu. Mlango ukafungwa."

Madaktari walimtafuta Loukia kwenye simu, na simu ya Loukia ilikuwa imezimwa kanisani. Stamatia alikaa kwenye benchi akimsikia mtoto akilia "mama" upande wa pili wa mlango. Mama aliyeitwa alikuwa pale pale, ila kwa sheria hakuwepo. Hatimaye Loukia alipatikana, mtoto akapasuliwa, akapona. Stamatia ndiye hakupona.

"Nilianza kuwaza usiku. Loukia akifa, Myrto anakwenda kwa mjomba wake ambaye hajatia mguu kwetu tangu alipojua. Mimi nitapewa nini? Baiskeli?"

Ndiyo maana Februari ya mwaka 2024, Bunge huko Athens lilipopitisha sheria ya kuruhusu ndoa za watu wa jinsia moja, Stamatia alizima redio ya gari. Soko halikuzimika.

Meza inayopakana na yake ni ya Thrasos, muuza viazi wa miaka sitini na saba, ambaye kila Jumapili hupitisha sahani ya sadaka kanisani na kumkazia macho kila anayetoa sarafu ndogo.

"Serikali imeshindwa kuziba mashimo ya barabara, sasa inatandika vitanda vya watu!" alinguruma Jumatano iliyofuata. "Ikae mbali na chumba cha mtu!"

"Haiingii chumbani, mzee," Zisis akamjibu. "Inaingia hospitalini, kumwachia mtu amwone mwanawe."

"Wewe nusa samaki wako."

Wiki kadhaa ikawa hivyo. Muuza mayai aliunga mkono, muuza jibini akapinga, kisha wakabadilishana misimamo baada ya kugombania kivuli. Stamatia alipima machungwa tu. Alikuwa na kesi kubwa zaidi nyumbani.

Mama yake, Bibi Argyro, ana miaka themanini na moja na huvaa nyeusi tangu mumewe afe. Jioni moja Stamatia alimkalisha chini.

"Mama, sheria imepita. Tunafunga ndoa."

"Na nani?"

"Mama!"

"Najua na nani, mimi si kipofu. Huyo binamu ananipikia supu miaka yote. Nauliza, lini?"

"Juni hii."

Bibi Argyro akajipiga msalaba mara tatu. "Mwaka huu? Mwaka mrefu? Mnataka mmoja wenu amzike mwenzake kabla ya Krismasi?"

Palioskala, mwaka ambao Februari ina siku ishirini na tisa mtu haoi, hajengi, hapandi mzabibu. Hata paka hufikiri mara mbili.

"Mama, umekubali Loukia, unakataa Februari?"

"Loukia ameumbwa na Mungu. Februari ya siku ishirini na tisa sijui imeumbwa na nani."

Wakacheka, halafu wakafanya kosa ambalo ni watu wa huku tu wangelifanya. Walisubiri. Wanawake wawili waliongoja sheria miaka kumi na tisa waliiacha imekaa mezani hadi Januari, ili kalenda iwe na mkosi mdogo.

Mwaka huo wa mkosi, manispaa ilikuwa na naibu meya aliyekuwa tayari kuwafungisha, mwalimu mstaafu aliyewaambia waje hata kesho. Januari walipokwenda na karatasi zao na ada imelipwa, mwalimu alikuwa ameshaacha kazi na kuhamia Melbourne kwa wajukuu. Alibaki meya.

Na meya alikuwa Athens.

Wiki iliyofuata, Athens. Februari, Athens. Machi alionekana akinywa kahawa bandarini, lakini ofisini kwake wakasema yuko Athens. Kibali cha ndoa nacho huishi miezi sita tu, halafu mtu aanze upya. Katibu wake alimnong'oneza Stamatia aende mji wa jirani, huko hawana noma.

"Nikamwambia, ada ya meza nalipa wapi? Mji wa jirani?"

Pasaka ikapita. Jumatano iliyofuata, Vlasis, naibu meya wa usafi na masoko, alikuja kukagua mistari ya njano inayoonyesha mwisho wa kila meza. Ni mtu mwembamba, mwoga wa madoa. Kisheria naye angeweza kuwafungisha, kama angetumwa na meya. Alipofika kwenye viazi, Thrasos alimzibia njia kwa gunia.

"Kristo amefufuka, Vlasis."

"Kweli amefufuka, mzee. Gunia lako limevuka mstari."

"Litarudi. Hawa jirani zangu, harusi yao lini?"

Vlasis akatazama kushoto na kulia. "Meya yuko..."

"Athens," soko likamjibu kwa pamoja.

"Huyo meya anakwenda Athens mara nyingi kuliko basi la Athens," akadakia Zisis.

Thrasos akainua mkono kunyamazisha watu. Stamatia anasema alijiandaa kwa mabaya, maana mzee huyu alikuwa ameipinga sheria hiyo kila Jumatano kwa mwaka mzima.

"Nisikilize vizuri," Thrasos alisema. "Mimi siitaki sheria hii. Kila Jumapili nawasha mshumaa ifutwe. Mungu hajanijibu, labda naye yuko Athens. Lakini nakuuliza jambo la soko. Ada yao mmechukua?"

"Tumechukua."

"Mmeirudisha?"

"Hapana."

"Basi kilo imeshapimwa na hela imeshaingia mfukoni. Muuzaji anafunga mfuko, anampa mtu mzigo wake. Haulizi viazi vinakwenda kuliwa na nani. Mimi viazi vyangu wanakula hata waliompigia kura meya wako, na siwanyimi!"

Soko likalipuka. Vlasis akajaribu kucheka, ikashindikana. "Mzee, mimi ni mtu wa taka..."

Hapo Stamatia aliacha mizani na kuja mbele, mikono ikinukia machungwa.

"Vlasis, nijibu moja tu. Myrto akilazwa tena, nani aingie?"

Kila aliyekuwepo anasimulia tofauti kilichofuata. Zisis anadai naibu meya alilia. Muuza mayai anasema ilikuwa vumbi. Wote wanakubaliana kwamba alisogea pembeni na simu yake, akaongea sana na mtu aliyekuwa Athens au bandarini, kisha akarudi uso mwekundu.

"Ametia saini, nimetumwa mimi. Mei yote ukumbi uko wazi."

"Mei!" Stamatia akashika kichwa. "Mama yangu atakufa. Mei hawaoani watu, wanaoana punda!"

"Ndiyo maana uko wazi! Kabla ya Mei imebaki Jumatano ijayo, saa saba mchana."

"Jumatano ni soko."

"Chagua: soko au punda." Halafu, akiondoka, "Na msinirushie mchele. Nafagia mimi."

Jumatano hiyo ya mwisho wa Aprili, saa sita na nusu mchana, Zisis alivua aproni. Muuza mayai akavua yake. Muuza jibini, yule aliyeanza kwa kupinga, akasema anakwenda kuangalia tu viatu. Barabara nzima ikaanza kutembea kuelekea manispaa, wateja nyuma na vikapu vyao.

Mbele ya mlango walisimama watu wanane waliokuja kuzuia, na picha ya mtakatifu, nyuso zimefungwa kama maduka ya Jumapili. Kundi likasita. Myrto akamshika Stamatia kiuno.

Bibi Argyro akawapita wote na fimbo yake. "Kristo amefufuka!" akawaambia wale wanane.

Sasa, katika siku arobaini zinazofuata Pasaka, hakuna Mkristo wa huku anayeisikia salamu hiyo akanyamaza, hata anayesalimiwa na adui yake. "Kweli amefufuka," wakasema wote wanane, mmoja mmoja, na mtu hawezi kutamka maneno hayo na kuendelea kuziba mlango. Mmoja akamshika bibi kizee mkono kwenye ngazi.

Vlasis aliwafungisha kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji. Alipofika mwisho akaongeza jambo ambalo halikuandikwa popote: "Na Myrto wenu awe na afya." Mchele wa kwanza kumpiga ulitoka kwenye mkoba wa Bibi Argyro.

"Nilijiandaa miezi yote kugombana," Stamatia anasema. "Nilikuwa nimebeba maneno mazito. Nikarudi nyumbani nayo, hayakutumika. Nililala saa kumi na mbili mfululizo. Loukia alidhani nimekufa, akaja kunisikiliza kama napumua."

Na soko? Soko lote lilibaki na mtu mmoja. Mtu aliyeingia barabarani saa saba hiyo alimkuta Thrasos peke yake, akikimbia kutoka mizani hadi mizani, mkono mmoja na mayai, mwingine na ngisi. Aliuza jibini kwa bei ya viazi, na samaki kwa bei anayoijua Mungu. Zisis mpaka leo anadai fidia.

"Mtu mmoja lazima abaki," Thrasos anajitetea. "Na gazetini andikeni wazi: Thrasos hakwenda. Nilisema siitaki, na bado siitaki."

Jioni ile Loukia alimletea kifurushi cha lozi za sukari, kama kila mgeni wa harusi anavyopewa. Mzee alikifungua palepale, akazimwaga kiganjani na kuzihesabu kwa kidole, kwa maana lozi za harusi lazima zisigawanyike kwa mbili, ili wawili nao wasigawanyike. Zilikuwa tano.

"Angalau hilo mmelifanya sawa," akasema, akatia moja mdomoni.

Sasa Stamatia anangoja Juni. Ndoa imempa haki ya kuomba mahakamani kumuasili Myrto, na wakili amemwambia asihofu. Kesi hiyo ikiisha, anataka kitu kimoja kabla ya vyote: kwenda kikao cha wazazi shuleni na kukaa kiti cha mbele. "Miaka yote nakaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba. Nataka mwalimu anilalamikie mimi."

Shida ni kwamba kesi imepangwa Jumatano.

Thrasos, ambaye hajaulizwa, anasogeza gunia lake la viazi hadi linagusa meza ya machungwa, juu ya mstari wa njano.

"Nenda," anasema. "Nitabaki mimi."

"Mahakamani huji, mzee?"

"Sikubaliani nayo hiyo mahakama," anasema, akichukua chungwa moja la juu, akilinusa, akilirudisha mahali pake. "Lakini machungwa ya Juni yanaharibika upesi."