Kanga ya Mke Mkubwa

Nilioa mara ya kwanza kabla sijaota meno ya mbele. Mke wangu naye ya kwake yalikuwa yamekwisha kung'oka, kwa hiyo tulilingana. Alikuwa nyanya yangu, mama yake mama, na ndoa yetu ilikuwa ile ambayo kila mtoto wa kiume huku kwetu huzaliwa nayo. Mjukuu ni mume wa nyanya, basi, hakuna anayeuliza.

Nikirudi kucheza alinipangusa makamasi kwa pindo la leso yake huku akiwauliza wageni wa barazani kama wamewahi kuona mume mchafu namna hii. Nikikataa uji, alisema atarudi kwao Kinango akaolewe na mwenye ng'ombe. Mimi nalia. Namshika miguu, namwambia usiende mke wangu, nakunywa, na uji nakunywa wote. Watu walikuwa wakija nyumbani kwetu, nje kidogo ya Msambweni, kwa ajili ya kutusikiliza tu.

Shuleni tulipata mwalimu aliyetoka bara. Alitupa insha tuandike kuhusu familia zetu, nami nikaandika kwamba nina mke mmoja, ana meno matatu, na akikasirika hunichapa kwa mwiko. Mwalimu akaita mzazi. Nyanya ndiye aliyekwenda, amevaa buibui lake la sikukuu, akabisha hodi darasani na kusema ameitwa kwa ajili ya mume wake. Mwalimu alikaa chini kwanza. Baadaye tulimzoea naye akatuzoea, lakini sidhani kama alimaliza kushangaa.

Sikusoma sana. Niliishia kidato cha pili, na wala sikuhuzunika, maana kichwa changu kilikuwa kimejaa nyumba. Nilikuwa nikijenga nyumba yenye baraza pande zote nne, ili nyanya ahamehame na kivuli mchana kutwa bila kuomba kubebewa mkeka. Bado sijaijenga. Nilipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja Diani, na huko nikampata msichana wa Ukunda aliyekuwa akikunja nami. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnavuta, mnakwenda mkakutana katikati, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Siku nzima mnakutana. Sikuhitaji ushairi wowote.

Sasa, siku gani utani wa nyanya ulikwisha, mimi sijui. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikwisha mbele yetu na sisi tunacheka.

Nilirudi jioni kutoka kazini, akaninusa, akasema ninanuka sabuni ya mwanamke. Tukacheka. Akaniuliza ndevu zangu nimezipeleka wapi. Tukacheka tena. Alianza kukaa kando ya barabara kuu kuanzia alasiri, kopo la maji mkononi, akimngoja mume wake aje aoshe miguu. Nikifika ananiosha mimi. Akinitazama usoni anakunja kipaji, kama mtu aliyeletewa chai badala ya kahawa akaona aibu kuirudisha. Nilipomwambia, "Nyanya, ni mimi, mjukuu wako," aliangusha kopo, akaniuliza nimemfanya nini mumewe. Sikujaribu tena.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kuuponya, tumtunze tu na tusimbishie. Alikuwa kijana mpole. Lakini hakai kijijini kwetu. Kwetu mzee akianza kuzungumza peke yake barabarani, watu hawasemi anaumwa. Wanaanza kukumbuka watoto waliokufa. Alikuwako mzee mmoja upande wa ndani, kule kukavu, aliyekuwa akitembeatembea hivyo hivyo, wakamwita mchawi, na asubuhi moja alikuta nyumba yake imechomwa. Mpaka leo anaishi kwa watu.

Basi mama akaamua, nami nikakubali, kwamba nyanya haumwi. Nyanya anatania. Akisema jambo la ajabu mbele ya jirani, mama anacheka wa kwanza, mimi nafuatia, na jirani naye anacheka, anasema bibi huyu hazeeki. Utani ukawa ndio pazia la nyumba yetu. Nilijifunza kucheka kabla jirani hajauliza. Si kazi ngumu ukiizoea.

Kisha ikafika harusi yangu, na jambo moja halikukwepeka. Kwetu, siku bibi harusi anapoletwa nyumbani, nyanya wa bwana harusi huziba mlango. Hujifanya mke mkubwa aliyeonewa. Hulalamika, hutukana kidogo, huwavunja wanawake mbavu, mpaka bwana harusi amtulize kwa kanga mpya, ndipo husogea na mke mdogo akaingia. Nilimwomba mama tuliruke hilo. Akasema kijiji kizima kinamngoja nyanya mlangoni kuliko kinavyomngoja bibi harusi, na asipoonekana, kila mtu atauliza kwa nini. Alisema kweli. Mchumba wangu nilikuwa nimekwisha kumweleza kila kitu, kule kule kwenye mashuka.

Tukafunga nikaha, na alasiri msafara wa wanawake ukaingia uani kwa vigelegele. Nyanya alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha. Nilisimama karibu yake na kanga yangu mkononi, ya rangi ya zambarau aliyokuwa akiipenda. Aliinua uso akalitazama lile shela, akauliza ni nani huyu. Mtu akamjibu kwa sauti kwamba ni mke mwenziwe. Wanawake wakaangua kicheko.

Nyanya hakucheka. Alinitazama mimi.

"Kumbe ni kweli waliyonambia," alisema. "Na mimi nikawajibu, mume wangu hawezi. Mume wangu amekwenda kununua mbuzi."

Ndipo kikapanda kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Mbuzi. Mwanamke mmoja aliketi chini mchangani. Mwingine alisema bibi huyu angepelekwa kwenye televisheni. Na nyanya alikuwa analia, machozi yanashuka yakifuata mikunjo ya uso wake, na kadiri alivyolia ndivyo walivyomsifu.

Shangazi yake bibi harusi ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Mama mnene, mkarimu, aliyesafiri kutoka bara juzi yake. Alimtazama nyanya, akanitazama mimi, akaacha kupiga makofi.

"Huyu mama analia ya ukweli," alisema. "Si mchezo. Kwani huyu kijana alikuwa ameoa?"

Wakamcheka yeye sasa. Wakasema mbara hajui utani, mpeni maji, atajua polepole. Maskini. Kati ya watu wote waliojaa ule ua, yeye peke yake ndiye aliyesikia sawasawa, kwa sababu hakujua kwamba alitakiwa kucheka.

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa nyuma ya umati, anacheka kwa mdomo, na macho yake yananiambia usithubutu. Ningesema neno moja tu, kwamba nyanya anaumwa, kicheko kingekatika, na kabla ya Ijumaa wangekuwa wanaulizana ni mtoto wa nani aliyekufa mwaka gani. Nikabaki nimesimama na kanga yangu kama muuza duka.

Nyanya akapangusa uso.

"Kama umenichoka, niandikie talaka yangu," alisema. "Nirudi kwetu mchana, watu wanione. Usiniache nikae ningoje."

Kicheko kikapungua. Talaka kwetu haitaniwi. Niliona jirani yetu mmoja, kikongwe wa rika la nyanya, amejiziba mdomo kwa leso na hanitazami.

Nikachutama mbele yake. Nilimwambia simwachi, na nyumba ni yake. Bibi harusi akauachia mkono wa shangazi yake, akapiga magoti kwenye vumbi na shela lake jeupe la kukodi, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," nyanya akajibu. Hata katika msiba ule hakuweza kuiacha shikamoo ya mtu bila jibu. Akamgusa shela. "Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe hukunijua."

Akakunja miguu, akapisha. Vigelegele vikapasua paa. Watu walisema hawajaona kuziba mlango kuzuri kama kule, na wengine wanalisema mpaka leo. Mke wangu akaingizwa ndani. Nyanya akajizoa, akapita kando ya ukuta kuelekea uani nyuma. Kanga hakuipokea.

Pilau ilipoanza kupakuliwa nikamfuata. Alikuwa chumbani kwake, mlango wa nyuma uko wazi, anafunga kifurushi chake: leso mbili, chana, sufuria ndogo, na kiatu kimoja cha mwanamume ambacho sikuwahi kukiona. Mama alikuja nyuma yangu akasimama mlangoni. Nikamuuliza nyanya, kwa upole kadiri nilivyoweza, nimemkosea nini.

Akanieleza. Alisema nilimwambia ninakwenda Taru mnadani kununua mbuzi, nitarudi Jumapili. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Akapika Jumapili, akapika Jumatatu. Kisha watu waliotoka huko wakaja kumwambia nimeoa, nimejenga, sina nia ya kurudi. Akawacheka. Akawaambia mume wangu ana utani sana.

"Nikamwambia mtoto umekufa njiani," alisema. "Nilikutolea hitima. Ungekufa kweli ingekuwa nafuu, ningekaa eda nikamaliza."

Mama alishika mwimo wa mlango. Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea ni yeye. Maisha yake yote alikuwa akimwombea baba yake aliyefia safarini. Baadaye yule jirani kikongwe alituthibitishia: babu aliishi Taru miaka mingi, akafuga, akazaa. Wazee wote walijua. Nyanya hakuwaomba wanyamaze. Walipoona anacheka, walimwachia kicheko chake.

Lakini pale chumbani nilikuwa sijayajua yote hayo. Nilijua tu kwamba mwanamke huyu alikuwa amengoja mtu fulani aingie kwa mlango ule, na aliyeingia ni mimi. Nje watu wanapiga ngoma ya harusi yangu. Nilifikiri nimwambie babu hayupo tena. Nikaliona lile kopo likianguka. Basi nikapiga magoti.

"Nisamehe," nilimwambia. "Nilikukosea. Ulinipikia na sikurudi."

Alinitazama. Kipaji hakukikunja. Akaipokea kanga, akainusa, akaiweka mapajani.

"Nimekusikia," alisema. "Siku zote hizo hukusema."

Kisha akaanza kufungua kifurushi, kitu kimoja kimoja. Akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi nilitoka barazani nikamkuta ameshaoga, amejipaka wanja, amekaa kwenye mkeka wake. Nilijawa na furaha. Nilifikiri, nami ndivyo nilivyo, kwamba labda yaliyotokea jana yamemrudishia akili. Akaniinulia uso mweupe kabisa, uso wa kumkaribisha mgeni.

"Hujambo, kijana? Wewe ni wa kwa nani?"

Mama akacheka, kwa mazoea. Jirani aliyekuwa akipita naye akacheka, akasema bwana harusi ameachika usiku mmoja. Nyanya alikuwa na ile kanga mkononi. Alimpa mke wangu, akamwambia kuna mtu ameisahau humu ndani, amtafute mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakai tena barabarani. Kopo limerudi jikoni. Hilo tunalishukuru, kwa maana majirani hawana tena la kutazama, na mama anaweza kulala. Haulizi mtu amechelewa wapi. Jioni mke wangu huanua nguo, nyanya humshikia pembe mbili, wanakunja pamoja, wanakutana katikati, nyanya anamsifu kwa mikono yake mizuri na kumuuliza kwao ni wapi. Ukunda, anajibu. Kila jioni anajibu kama ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Mimi nikifika kutoka kazini ananipa heshima zote za mgeni, anasogea mkekani nipate pa kukaa. Wakati mwingine nashindwa kuvumilia. Nachutama mbele yake kama zamani, nasema, "Mke wangu, umeshindaje leo?"

Hucheka kidogo, cheko la mtu mzima aliyevunjiwa adabu na kijana asiyemjua, lakini hataki kumuumbua mbele ya watu.

"Mimi sina mume, mwanangu," huniambia. "Nilikuwa naye. Alikuja mwenyewe akaniomba radhi, tukaachana vizuri."