Seli Isiyonyamaza

Mama wa maabara huingia akipapasa ukuta kwa vidole viwili, na mfagiaji hufuta alama za vidole hivyo kila asubuhi bila kuuliza. Akishaketi husikiliza spika ndogo iliyounganishwa kwa waya na sikio la chura kwenye kisahani: seli moja ya neva, ya ndani ya sikio hilo, ikidunda ta-ta-ta kama manyunyu juu ya bati. Akikigeuza kisahani, midundo huongezeka. Naye hufumba macho, kichwa kikiyumba kidogo.

"Mama, mbona inadunda na kisahani kimetulia?" mfagiaji aliuliza juzi.

"Ndiyo kazi yake, kukuambia bado umesimama, usije ukayumba na kuanguka." Akagusa sikio lake. "Za masikioni mwangu zilizima mwaka jana, mdogo wangu."

Tangu hapo, akipiga deki, mfagiaji hukausha kwanza kando ya ukuta, Mama asiteleze, na zile alama huziacha.