Kondoo Aliyeachwa Madhabahuni

Kondoo aliyenyeshewa ana harufu isiyosahaulika: sufu, tope, na mavi kidogo. Jumapili iliyopita niliikuta harufu hiyo mlangoni mwa kanisa, mjini Nyeri, maana ilikuwa Jumapili ya Mavuno na mtu alikuwa amemfunga kondoo kwenye nguzo ya baraza. Wanakwaya walimpita huku wakiinua majoho yao yasichafuke. Mimi nilishindwa kupita. Nilisimama pale na mkoba wangu na viatu vyangu vya kisigino, nikawa tena msichana wa darasa la tatu, baba yangu yu hai, na nyanya yangu bado ananingoja ng'ambo ya mto.

Kwetu ni kwenye kahawa, karibu na Gakindu. Nyumba yetu ilikuwa upande huu wa mto, na ya Baba mkubwa, kaka yake baba, ilikuwa upande wa pili, juu mlimani. Ukisimama penye choo chetu ungeona moshi wa jiko lao. Humo ndimo alimoishi Cucu, yaani nyanya yangu, mama yao, ambaye alikuwa mgonjwa na hakuweza tena kutoka kitandani bila kubebwa. Baba yangu hakuwa amemwona kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa amekatazwa kukanyaga boma lile.

Kosa lilikuwa la baba. Simvunjii heshima nikisema hivyo, maana yeye mwenyewe alikiri. Babu alipozikwa, Baba mkubwa alimimina muratina kidogo kaburini, kama wazee wetu walivyowapa wafu wao pombe tangu zamani. Baba alikuwa ameokoka karibuni, na mtu aliyeokoka karibuni ni kama ndama aliyefunguliwa kamba, hajui pa kwenda ila anakwenda mbio. Alimnyang'anya kaka yake kibuyu mbele ya waombolezaji wote, akakipasua juu ya jiwe, akamwita mpagani. Kibuyu chenyewe kilikuwa cha babu. Tangu siku hiyo, wakikutana sokoni, mmoja alitazama mbuzi na mwingine alitazama mawingu. Mama alikuwa akisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi alilima, masikini, miaka yote hiyo, na kapu lake likaning'inia ukutani.

Mimi naitwa Wangeci, jina la Cucu. Kwa hiyo baba hakuniita Wangeci hata siku moja. Aliniita maitu, yaani mama, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto aliyepewa jina la nyanya yake. "Maitu, niletee maji ya kunawa." "Maitu, umekula?" Nilijiona mtu mkubwa sana pale nyumbani.

Mwaka huo baba alikuwa amefuga kondoo dume kwa ajili ya Mavuno. Alikuwa mnene, mweupe, na mwizi wa sabuni. Akiona kipande cha sabuni ya kufulia kwenye karai, amekila. Mama alisema mwaka huu Bwana atapokea kondoo mwenye povu.

Baba na mimi tulimvuta hadi kanisani katika manyunyu. Ndani palinuka ndizi mbivu, kabichi na kuku waliofungwa miguu. Mambo yalikwenda hivi: kila mtu aliweka sadaka yake mbele, na baada ya ibada mzee wa kanisa aliinadi, aliyetaja bei ya juu akanunua. Siku hiyo mhubiri alisoma yale maneno ya Yesu kwamba ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno nawe, iache pale pale, uende upatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Aliyasoma haraka haraka kama matangazo, kisha akaingia kwenye habari ya ujenzi wa vyoo.

Baba hakumfuata huko kwenye vyoo. Alikuwa na msemo wake, "Neno si la kukariri, ni la kutenda," na mama aliposikia msemo huo kwa kawaida alianza kuomba. Aliinuka, akamfunga kondoo kwenye mguu wa meza ya madhabahu, akanishika mkono tukatoka. Nadhani watu walifikiri nimebanwa na haja.

Tulivuka daraja la magogo, tukapanda mlima. Njia nzima midomo ya baba ilikuwa ikicheza. Baba mkubwa alikuwa langoni akimenya nduma.

"Unataka nini kwangu?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuvunjia kibuyu, na nikakuvunjia heshima mbele ya watu."

Baba mkubwa alimenya nduma nzima kabla ya kujibu. Kisha akaitazama mikono ya baba. "Na umekuja hivyo, mikono mitupu? Ndugu wakikosana si kondoo inachinjwa, wanakula pamoja, mama yao akiona? Wewe ulizaliwa wapi?"

Nilijikunja nikingoja mahubiri. Baba alikuwa amewahi kusimama sokoni na kipaza sauti akiwaambia watu kwamba kondoo wa desturi ni wa shetani. Lakini nilimwona akimeza mate.

"Kondoo niko nayo," alisema. "Iko kanisani. Wacha niilete saa hii."

"Haya, leta. Mimi nawasha moto." Kisha uso wake ukalegea kidogo, akaniangalia. "Na huyu si ni maitu? Wacha aingie asalimie mwenzake."

Chumba cha Cucu kilinuka moshi na dawa ya kuchua. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ngozi na mifupa tu.

"Amekuja?" aliuliza.

"Amekuja, Cucu. Yuko langoni. Anaenda kuleta kondoo."

Alicheka, hana hata jino. "Mwambie akimbie. Nataka supu."

Nilimwambia, na baba akakimbia kweli, mtu mzima na koti lake la Jumapili, akiteleza matopeni na kuinuka huku akicheka, nami nikimfuata nyuma. Sikumwona tena akiwa na furaha ile.

Kanisani mnada ulikuwa umekwisha. Kwenye mguu wa meza palikuwa na kipande cha kamba tu. Mwenye bucha fulani wa Kutus alikuwa amemnunua kondoo wetu kwa haki, akampakia kwenye pikapu yake na kwenda zake. Siku hizi mtu angepigiwa simu.

"Ikishafika mbele si yako tena, ni ya Bwana," alisema mzee wa kanisa.

"Lakini sikuwa nimeitoa! Niliiacha. Si tumesomewa hapa tuache?"

Watu walicheka, na si kwa ubaya. Mhubiri alimshika baba bega, akamwambia kwa upole, "Ndugu, hata kesho ungeenda."

Baba hakuthubutu kurudi ng'ambo mikono mitupu, akazunguka nyumba kwa nyumba akitafuta kondoo. Huyu hana, yule ana jike lenye mimba, mwingine hauzi mnyama siku ya Bwana. Mimi nilisimama penye choo nikitazama moshi ng'ambo. Ulikuwa mwingi, kisha ukapungua, kisha giza likaingia.

Siku chache baadaye alipata dume la mkopo, tukavuka tena. Lango lilikuwa limefungwa kwa waya.

"Nilimbeba maitu nikamweka nje na blanketi," Baba mkubwa alisema kutoka ndani. "Alikungoja mpaka jua likazama. Sasa umetucheka mara mbili."

"Kanisa iliiuza! Niliiacha kwa madhabahu, wakaiuza!"

"Ati kanisa iliuza kondoo ya mtu ameenda kupatana na ndugu yake? Tafuta uongo ingine."

Hakuamini. Yule mpagani aliliheshimu kanisa letu kuliko lilivyostahili.

Cucu alikufa kabla kahawa haijaiva. Wanawe walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na baba hakuthubutu kusogea. Tangu siku hiyo hakutoa sadaka tena. Kikapu kilipomfikia alikipokea kwa mikono miwili, akampa wa pembeni. Watu walimwita bahili, kisha wakasema amerudi nyuma. Mimi nikiwa msichana mkubwa nilimwonea haya. Alikufa hivyo, kikapu kikimpita, na kaka yake hakuvuka mto kuja kumzika.

Alikuwa bado anatii. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Alikuwa ameambiwa apatane kwanza, na hakuwa amepatana. Pia nilijua kwa nini siku za mwisho, macho yakiwa yamefifia, alinishika mkono na kusema, "Maitu, nilikimbia." Nilimjibu, "Najua, baba." Sasa nadhani hakuwa akisema na mimi.

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, nilisikia yule kondoo wa barazani akinadiwa. Sikukaa kuona nani amemchukua. Yesu alisema iache, uende, kisha urudi. Nadhani aliamini kwamba tukirudi tutaikuta.